Sauti Zilizopitia Stoo

Mwaka 2013 mji wa Kitui ulikuwa na pilkapilka ambazo wenyeji hawakuwa wamezizoea. Uchaguzi wa Machi 4 ulikuwa umeleta serikali za kaunti, na vibao vipya vilikuwa vinapakwa rangi kila wiki. Siku chache kabla ya uchaguzi huo, Machi 1, chuo cha Kwa Vonza kilikuwa kimepewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Ndani ya matatu za kwenda Mwingi, Mutomo na Machakos, Musyi FM na Mbaitu FM zilinguruma kwa Kikamba tangu alfajiri, na kila kijana mwenye ulimi mwepesi alijiona tayari yuko studioni. Vijana hao ndio waliojaza chuo chetu kidogo cha uandishi wa habari, upande wa Kalundu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Chuo chenyewe kilikuwa madarasa machache, maktaba ya rafu tatu nne, maabara ya kompyuta, studio na stoo. Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani na kutandikwa zulia kuukuu sakafuni. Trei za mayai hupunguza mwangwi kidogo tu. Mlio wa bodaboda inayopanda kilima hauzizingatii hata kidogo. Kwa hiyo waliotaka kusoma maelezo yao kwa sauti safi walingoja usiku wa manane, wakajifunika blanketi bwenini pamoja na kinasa sauti na tochi, wakasoma huku jasho likiwatiririka. Kazi nyingine nzuri kabisa zilizotoka chuoni kwetu zilisomwa hivyo, chini ya blanketi.

Lakini chumba ambacho maisha yetu yalikizunguka kilikuwa stoo. Ilikuwa na dirisha dogo lenye wavu wa waya, na nyuma ya wavu huo alikaa mama wa makamo ambaye chuo kizima kilimwita Mwaitu. Hakuwa mwalimu kwa cheo, ila sijui mwalimu aliyetufundisha kuiheshimu kazi kumshinda yeye. Mbele yake lilikaa daftari kubwa la jalada jeusi, alilolipiga mistari mwenyewe kwa rula: jina, nambari ya usajili, kifaa, nambari ya kifaa, siku ya kutoka, siku ya kurudi, sahihi. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: Mali bila daftari huisha bila habari.

Ukitaka kuazima, ulimwachia kitambulisho cha chuo naye akakitia katika mkebe wa kahawa. Kisha akakupangia vitu mezani kimoja kimoja huku akivitaja, nawe ukivirudia: kinasa sauti kimoja, sponji ya upepo moja, kadi moja, hedifoni moja, waya mmoja, betri mbili. Betri za akiba ulijinunulia dukani. Uliporudi, orodha ilisomwa tena kutoka mwanzo. Waya uliozungushiwa kwenye kiwiko aliukataa, akakusimamisha pale dirishani mpaka uukunje inavyotakiwa, kitanzi kimoja juu na kinachofuata chini, ili nyuzi za ndani zisijipinde hadi kukatika. Mwaka wa mwisho hapakuwa na mwanafunzi aliyepata cheti bila muhuri wake kwenye fomu ya kliarensi.

Kifaa tulichokigombania kuliko vyote kilikuwa Zoom H4n, kinasa sauti cha Kijapani kilichoingia sokoni mwaka 2009. Kichwani kilikuwa na maikrofoni mbili zilizokingamana, na chini matundu mawili ya kuchomekea maikrofoni za studio. Ukikiweka kwenye kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, kila dakika ya sauti ya stirio ilichukua megabaiti 10 hivi. Kadi ya gigabaiti 2 ilijaa baada ya kama saa 3. Hesabu hiyo tuliijua kama tulivyojua nauli ya kwenda nyumbani, maana ndiyo iliyoamua utarekodi nini na utaacha nini.

Vinasa sauti vilikuwa vichache na sisi tulikuwa wengi. Mkopo wa siku ya kawaida uliisha kesho yake saa nne asubuhi. Wa Ijumaa ulikuwa na baraka kwa kuwa ulivuka hadi Jumatatu, na majina yalianza kuandikwa tangu Jumanne. Uhaba huo ulitufanya watu wa mipango. Hukuazima kwanza ndipo ufikirie. Ulijua unamwendea nani, anaamka saa ngapi, maswali yako ni yapi na la kwanza ni lipi, utafika kwa matatu au kwa bodaboda, na kama mzee mwenyewe hupenda kuanza na chai. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi tangu wakati ule, na bado naona kwamba sehemu kubwa ya mahojiano mazuri huandaliwa kabla kifaa hakijawashwa. Hilo nilifundishwa na daftari la Mwaitu kabla sijafundishwa darasani.

Nchi yenyewe nayo ilikuwa na masharti yake. Kitui kuna upepo. Kufikia saa tano asubuhi, joto likishapanda kutoka uwandani, upepo hupiga maikrofoni na kuacha mngurumo mzito ambao huwezi kuuondoa bila kuondoa na sauti ya mtu. Tukajifunza kufika kwa watu jogoo wakiwa bado wanawika. Sponji ikishindwa, tulifunika maikrofoni kwa soksi safi au kipande cha leso. Tuliwaomba wenyeji wazime simu zao, kwa sababu simu za wakati ule zilikuwa na tabia ya kutoa mdundo wa tit-tit-tit muda mfupi kabla ya kuita, na mdundo huo ulipenya kwenye waya na kukaa juu ya neno ambalo hungelipata tena.

Mwalimu wetu wa redio alitutaka kila mahali tulipokwenda turekodi dakika moja ya kimya cha hapo kabla ya kuondoka. Watu wote wanyamaze, kinasa sauti kiendelee. Mwanzoni ilionekana kazi ya bure. Baadaye, mbele ya kompyuta, tuliona faida yake: ukikata sentensi na kuziba pengo kwa utupu wa kompyuta, msikilizaji anashtuka, anahisi ametolewa nje ya nyumba. Ukiziba kwa kimya cha mahali pale pale, hatambui kitu. Kwa kazi hiyo nilijua kwamba vimya havifanani. Kimya cha Mutomo kilikuwa na njiwa. Cha Kibwezi kilikuwa na malori ya Mombasa kwa mbali. Cha Kitui mjini kilikuwa na mashine ya kusaga ambayo haikunyamaza kamwe.

Maabara ilikuwa na kompyuta zilizotumika mpaka herufi za kibodi zikafutika, na programu yetu ilikuwa Audacity. Vituo vikubwa vilitumia Adobe Audition, ambayo ilianza kwa jina la Cool Edit Pro kabla Adobe haijainunua mwaka 2003, lakini leseni yake ilikuwa mbali nasi. Audacity ilikuwa bure, na bure hiyo ina historia inayonigusa. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, mikononi mwa Dominic Mazzoni, mwanafunzi wa shahada ya juu, na mwalimu wake Roger Dannenberg. Mwaka 2000 wakaitoa kwa umma pamoja na msimbo wake, yeyote aitumie, yeyote airekebishe. Kazi ya mwanafunzi na mwalimu wake katika chuo kimoja ikafika kwenye meza za chuo kingine ambacho wao hawatakisikia maisha yao yote, na wana wa wakulima wa Kyuso na Ikutha wakahariri kwayo sauti za nyanya zao. Tangu nilipolijua jambo hilo sijawahi kukidharau kitu kwa sababu ni cha bure.

Sauti ikiingia, skrini ilijaa mawimbi ya buluu, na baada ya wiki kadhaa ulianza kuyasoma. Ulitambua herufi ya pe kwa mlipuko wake, se kwa msongamano wake, pumzi kwa kivimbe chake kidogo kabla ya neno. Ulijua kwamba ukilikata wimbi mahali ambapo halijagusa mstari wa kati utasikia kijimlio, na kwamba kibonye cha Z husogeza mkato hadi pale linapogusa. Ulijua kuipa programu kipande cha kelele ili ijifunze kelele hiyo na kuipunguza katika rekodi nzima, na ulijua kukoma, kwa sababu ukizidisha, sauti ya binadamu inapoteza uhai na kuwa ya chuma.

Programu hiyo ilikuwa na masharti yake pia. Siku hizo Audacity haikuhifadhi kazi katika faili moja. Iliandika faili ndogo ya maelekezo, na kando yake folda yenye vipande vingi vya sauti yenyewe. Aliyenakili ile ndogo peke yake kwenye flashi alifika nyumbani Mwingi akiwa hana hata neno moja. Utaratibu huo ulibadilishwa katika toleo la 3.0 mwaka 2021, kila kitu kikawekwa katika faili moja. Kutoa MP3 nako kulihitaji kijiprogramu cha pembeni kiitwacho LAME, kwa kuwa hataza za MP3 zilikuwa bado hazijaisha. Ziliisha mwaka 2017. Fundi wa maabara alitembea na LAME kwenye flashi iliyoning'inia shingoni, na siku za kukusanya kazi alizungukwa kama daktari wa kliniki ya kijijini. Stima ikipotea, maabara nzima ililia kwa sauti moja, kisha tukatoka nje kukaa chini ya mwarobaini, tukingoja irudi.

Kazi ya mwisho wa mwaka wa pili ilikuwa makala ya redio ya dakika 15. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kibwezi, na tukakubaliana tuandike juu ya maji, kwa sababu katika Ukambani nzima hakuna mazungumzo marefu yasiyofika kwenye maji. Tulipata mkopo wa Ijumaa. Barabara ya kutoka Kitui hadi Kibwezi kupitia Mutomo na Ikutha ilikuwa bado ya vumbi. Lami ilikuja miaka kadhaa baadaye. Kinasa sauti tulikifunga ndani ya mfuko wa plastiki, tukakiviringa kwa leso, tukakitia ndani ya kiondo na kukipakata kwa zamu. Tulipovuka Mto Athi kuingia Makueni, nywele zetu zilikuwa nyekundu kwa vumbi, lakini kinasa sauti kilikuwa safi kama kilivyotoka mikononi mwa Mwaitu.

Tulimwendea nyanya yake mwenzangu, Susu, ambaye alikuwa katika kikundi cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, kilichojenga bwawa la mchanga kwenye mto wa msimu karibu na kwao. Tulimkuta uani asubuhi na mapema, miguu ameinyoosha, anasokota kamba ya katani juu ya paja kwa ajili ya kiondo. Nilimwomba asimamishe kazi ili maikrofoni isichukue mkwaruzo wa katani. Akanitazama, akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nikinyamazisha mikono, mdomo nao unanyamaza." Basi tukarekodi na mkwaruzo wake.

Alituelezea bwawa la mchanga vizuri kuliko kitabu chochote nilichokisoma baadaye. Mnajenga ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo hadi ukingo wa mto mkavu, mahali penye mwamba chini. Mvua ikija, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga ambamo jua haliyafikii na mbu hawazai. Mchanga mzuri hushika maji hadi asilimia 40 ya ujazo wake. Kiangazi, mtu akitazama haoni kitu ila mchanga mweupe. Anayejua huchimba kidogo na kuchota. Alisimulia jinsi akina mama walivyobeba mawe kichwani, kila mmoja na wimbo wa kikundi chake, na jinsi aliyekosa siku ya mwethya alivyolipa kwa mbuzi au kwa kazi maradufu. Alisimulia njaa ya miaka ya 1980, Nikw'a Ngwete, watu walipokuwa na pesa mkononi na dukani hamna unga. Aliimba. Aliimba nyimbo za kubebea mawe, moja baada ya nyingine, na alipoona tunapenda akaongeza za ngoma ya kilumi alizozisikia kwa mama yake.

Susu alikuwa na namna yake ya kujibu. Ukimuuliza jambo zito alinyamaza kwanza, kamba ikiendelea kusokotwa, krr, krr, halafu jibu likaja likiwa limekamilika, halina neno la kupunguza. Mwenzangu alijua kungoja kwa kuwa alilelewa naye. Mimi nilijifunza pale pale, hedifoni masikioni, nikiona namba za kinasa sauti zikihesabu sekunde na betri ikipungua.

Tulirudi tukipitia Nthongoni kuiona Radio Mang'elete, 89.1 FM. Nilikuwa nimesoma habari zake chuoni: kwamba ilianza kutangaza mwaka 2004, na kwamba wenyewe ni muungano wa vikundi zaidi ya 30 vya akina mama wa eneo hilo, wakulima wengi wao, ambao waliamua kwamba baada ya maji na vitalu vya miche wanahitaji pia mahali pa kusikilizana. Kuisoma ni jambo moja. Kusimama mbele ya mlingoti uliopandishwa na akina mama wa rika la Susu kulinibadilisha. Mpaka siku hiyo niliamini kwamba vifaa vya sauti ni vya chuo, vya kampuni au vya serikali, na sisi wengine ni waazimaji. Nthongoni nilitambua kwamba wenye vifaa wanaweza kuwa wenye hadithi wenyewe.

Kuhariri kulituchukua usiku kwa usiku. Tulikuwa na zaidi ya saa 2 za Susu, na katika dakika 15 tulihitaji pia mtaalamu wa maji, mwenyekiti wa kikundi na maelezo yetu wenyewe. Tulikata, tukakata tena. Nyimbo zikawa wimbo mmoja, wimbo ukawa ubeti. Njaa ikawa sentensi mbili. Jambo moja nililolikataa lilikuwa kufupisha kimya chake kabla ya jibu kuhusu watoto aliowazika. Kilikuwa sekunde 9 za katani peke yake. Mwalimu aliposikiliza aliinua kichwa pale, akauliza kama rekodi imeharibika, maana redioni sekunde 3 za kimya ni nyingi. Tukamwomba asikilize mpaka jibu lije. Jibu lilipokuja akavua hedifoni, akasema, "Acheni kama kilivyo." Makala ikapigwa hivyo, na nilipoisikia darasani, wanafunzi 30 na kitu hawakukohoa katika zile sekunde.

Jumatatu ile tuliporudisha kinasa sauti, foleni ilikuwa ndefu na waliofuata walikuwa na mkopo wa kwenda Zombe. Mwaitu alisoma orodha, nasi tukairudia. Alipofika kwenye kadi akauliza swali alilomuuliza kila mtu, "Umenakili?" Tukamjibu kwamba sauti iko kwenye kompyuta ya maabara. Akavaa hedifoni ili kuhakikisha kifaa kinafanya kazi, kama alivyofanya siku zote kwa sekunde chache. Siku hiyo hakuvua. Alisikiliza wimbo wa kubebea mawe hadi mwisho, midomo ikicheza, kwa sababu yeye pia alizaliwa na mama aliyebeba mawe ya mwethya. Foleni ikanung'unika. Akavua hedifoni, akaifuta kadi, akaitoa, akaiweka mezani mbele ya aliyefuata. "Kadi moja," akasema, na yule akarudia, "Kadi moja."

Hakuwa na njia nyingine. Kadi zilikuwa chache kuliko vinasa sauti. Kompyuta za maabara nazo zilisafishwa kila muhula ili wanaokuja wapate nafasi, na flashi tulizoweza kununua zilikuwa za gigabaiti 4, zimejaa madaftari, picha na kazi za masomo mengine. Kila mwanafunzi alibakiza kile kilichopewa alama: makala iliyokamilika, MP3, megabaiti chache. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila darasa lililopita pale. Wanafunzi walitawanyika kila likizo hadi Tseikuru, Mutha, Mbooni, Kathonzweni na Mtito Andei wakiwa na kifaa kizuri cha kunasa sauti, wakaketi na wazee waliokuwa na Ukambani nzima kichwani, wakarudi na saa nyingi za mazungumzo, na kufikia mwisho wa muhula zikawa zimebaki makala za dakika 15.

Miaka michache baada ya kumaliza chuo, mwenzangu alinipigia simu kuniambia Susu amefariki. Familia ilikuwa imekaa kupanga mazishi, na mtu mmoja akakumbuka kwamba wale watoto wa chuo walimrekodi asubuhi nzima. Walitaka asikike siku ya kuzikwa, akiimba. Walitaka pia jina la babu fulani ambalo yeye peke yake alilikumbuka, na ambalo alilitaja uani siku ile, tukalisikia sote. Niliwapelekea makala. Ndani yake Susu anazungumza kwa dakika tatu na kuimba ubeti mmoja. Waliipiga mara nyingi siku ile kupitia spika za kanisa, na watu walishukuru kwa moyo. Jina la babu halikuwemo.

Hapo ndipo nilipolielewa daftari la Mwaitu kwa ukamilifu wake. Lilikuwa daftari zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Kwa miaka yote ile hakuna waya uliopotea pale bila habari. Ila halikuwa na safu ya sauti. Chuo kilihesabu chombo kilichonunuliwa, na kile kilichokusanywa kwa chombo hicho hakikuhesabiwa na mtu yeyote, kwa kuwa hakikuwa na risiti.

Najua inawezekana kufanya vinginevyo, kwa sababu imefanyika. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Kenya na mitambo mizito ya kurekodi, akanasa nyimbo za Wakipsigis katika Bonde la Ufa, na kwingineko akanasa za watu wengine wengi. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baada ya safari ile, watu wa ILAM pamoja na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha rekodi hizo vijijini, na wakawakuta baadhi ya wazee walioimba wakiwa vijana. Hayo yaliwezekana kwa sababu moja: kuna mtu aliyeitunza sauti, akaandika kwenye kadi imetoka wapi. Na Tracey alikuwa mgeni, na hizo rekodi zilikaa mbali sana na wenyewe. Sisi tulikuwa wajukuu, tulisikia lugha, tulikuwa na vifaa, na wazee walikuwa umbali wa nauli ya matatu.

Sauti ghafi ni maji ndani ya mchanga. Anayepita juu yake haoni kitu: saa mbili za bibi anayesokota katani, mbuzi wanalia, swali limeulizwa vibaya, jibu limechelewa. Mhariri mwenye haraka huchota kikombe kimoja na kuuacha mto. Lakini aliyepotelewa na jina la babu yake anajua pa kuchimba, mradi ukuta ulijengwa.

Na kuujenga ukuta huo leo si kazi kubwa. Diski ngumu ya terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 1,500 za sauti ya kiwango kile tulichorekodi Kibwezi. Chuo kidogo kama chetu kingeweza kutunza kazi za wanafunzi wake za miaka mingi ndani ya diski mbili, moja stoo na nyingine katika jengo la mbali. Kila mwanafunzi sasa ana simu inayorekodi, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema stoo za vifaa zimepitwa na wakati. Mimi naona zinahitajika kuliko zamani. Simu inaibiwa, inaanguka kwenye maji, inajaa video na kufutwa. Stoo ina dirisha, ina mtu anayekuuliza umenakili, ina daftari litakalosomwa na mwingine.

Siku hizi nafundisha vijana kurekodi, mara nyingi mjini Wote, mara nyingine Kitui. Tunatumia Audacity, na bado hailipiwi. Kabla ya kugusa kifaa tunapiga mistari ya daftari, na baada ya safu za Mwaitu tunaongeza nyingine: sauti ya nani, kijiji gani, amekubali itumiwe vipi, nakala ghafi iko wapi, mwenyewe au mwanawe amepewa nakala lini. Kadi haifutwi mpaka safu hizo zote zijazwe na sahihi iwekwe. Vijana hulalamika kwamba ni maandishi mengi kwa mahojiano ya saa moja, nami huwaambia kwamba akina Susu walio hai leo ndio wa mwisho walioziona kuta za kwanza za mwethya zikiinuka, na kwamba hakuna chuo kitakachowafundisha tena wakishaondoka. Kisha tunahesabu vifaa pamoja, mmoja anataja, wote wanarudia, na kila mmoja anaondoka na kadi tupu mbili: moja ya kurekodia, nyingine ya kuachiwa familia.